Maji ya Kifuani na Hofu ya Sindano

Maelezo yaliyotolewa mbele ya Makatibu na Wajumbe wa Kamati za Vyama vya Msingi



Chama cha ushirika hupima kahawa, huhesabu magunia, hukagua mizani na kufunga hesabu za mwaka. Mali yake yote huandikwa vitabuni. Lakini iko mali moja isiyoonekana katika mizania ya chama chochote, nayo ni pumzi ya mwanachama. Mkulima asiyeweza kupanda mlima na debe la kahawa kichwani hana msimu, hata kama mibuni yake imezaa namna gani. Kwa sababu hiyo si ajabu jarida la Chama Kikuu kutoa nafasi kwa maradhi ya kifua, na hasa kwa shughuli moja ya kitabibu ambayo vijijini hutajwa kwa kunong'ona: kuvuta maji ya kifuani kwa sindano.

Husemwa kwamba aliyetobolewa kifua harudi nyumbani. Neno hilo limewafanya watu wengi wabaki vitandani mwao hali msaada uko hospitali ya wilaya. Makusudi ya maelezo haya ni kulipima neno hilo kama mzigo unavyopimwa: kuuweka juu ya mizani na kusoma uzito wake wa kweli.

MKULIMA NA KICHOMI

Mfano ufuatao si habari ya mtu fulani anayejulikana. Umetungwa ili kuonyesha njia ambayo ugonjwa huu hupita katika kijiji chochote.

Mkulima mmoja wa makamo alianza kusikia kichomi ubavu wa kulia kila alipovuta pumzi. Alikuwa na kikohozi kikavu, jioni homa ilimpanda, na usiku jasho lililowesha shuka. Akapigwa chuku mgongoni. Katika wiki ya tatu maumivu yalipungua, na shukrani zote zikaenda kwa mpiga chuku. Lakini kichomi kilipoondoka, pumzi nayo ilipungua. Alipolalia ubavu wa kushoto, ule mzima, alikosa hewa akalazimika kugeuka. Siku ya kupima kahawa alikaa juu ya magunia mara tatu kabla ya kuifikia mizani.

Katibu wa chama, kijana wa umri wa wanawe, alimwona.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kichomi kimekwisha. Ni pumzi tu inayonisumbua."

Laiti wote wawili wangalijua maana ya maneno hayo. Kichomi hakikuondolewa na chuku. Kiliondolewa na maji.

Kila pafu limefunikwa na utando laini, na kifua kwa ndani kimetandazwa utando mwingine wa namna hiyo hiyo. Kati ya tando hizo mbili mna majimaji machache sana, yasiyozidi vijiko vichache vya chai kwa mtu mzima mwenye afya, nayo kazi yake ni kuzifanya ziteleze bila kukwaruzana. Tando zikipata ugonjwa huvimba, zikasuguana kila pumzi inapoingia, na msuguano huo ndio kichomi. Ugonjwa ukiendelea, majimaji huzidi na kuzitenganisha tando. Msuguano hukoma na maumivu hupungua. Mgonjwa hudhani amepona, kumbe maji yamefika lita moja au mbili na yanalibana pafu lisipate nafasi ya kupanuka.

Kwa hiyo mtu ambaye kichomi chake kimeondoka lakini pumzi yake imekuwa fupi hajapona. Yafaa apelekwe kwa tabibu upesi kuliko siku ile alipokuwa akilia kwa maumivu.

NAMNA MAJI YANAVYOTAMBULIWA

Mwanachama yeyote aliyewahi kugonga pipa la mafuta ya taa kwa vidole ili ajue yamefika wapi anaujua msingi wa uchunguzi wa kifua. Pipa tupu hulia. Penye mafuta sauti huwa nzito na fupi. Mwaka 1761 daktari Leopold Auenbrugger wa mji wa Vienna alichapisha kitabu kidogo kueleza kwamba kifua cha binadamu hugongwa vivyo hivyo. Baba yake alikuwa mwenye nyumba ya wageni, na husimuliwa kwamba mtoto aliyajifunza hayo kwa kugonga mapipa ya mvinyo. Mwaka 1816 Mfaransa René Laennec akavumbua chombo cha kusikilizia kifua, ambacho leo huning'inia shingoni mwa kila tabibu. Penye maji, sauti ya pumzi husikika kwa mbali au haisikiki kabisa.

Baadaye ilikuja picha ya eksirei, na siku hizi ipo mashine ya mawimbi ya sauti iitwayo ultrasaundi, inayomwonyesha daktari maji yalipo, kina chake na mahali salama pa kupitisha sindano. Mashine hiyo imepunguza sana makosa. Daktari anayegonga kwanza, akasikiliza, kisha akatazama picha kabla ya kushika sindano, hapotezi wakati. Anafanya anachofanya karani mwangalifu anapohakikisha mizani inasoma sifuri kabla ya kuweka gunia.

HOJA YA KAKA MKUBWA

Mkulima alifikishwa hospitali. Picha ilionyesha maji upande wa kulia yamepanda hadi nusu ya kifua. Tabibu alipotaja sindano, kaka mkubwa wa mgonjwa alisimama.

"Mdogo wangu hatobolewi kifua nikiwa hai. Baba yetu mdogo alitobolewa hapa, akafariki siku ya pili."

Tabibu hakukasirika. Aliuliza, "Pole sana, Mzee. Marehemu aliugua muda gani kabla ya kuletwa?"

"Kama miezi minane."

"Na siku ile alikuja kwa miguu yake?"

"Tulimleta kwa machela."

Tabibu hakuongeza neno, na kaka mkubwa akaketi.

Hapo ndipo lilipo chimbuko la uvumi wote. Mgonjwa hukaa nyumbani hadi nguvu zimwishie, na huletwa wakati ugonjwa uliozaa maji umekwisha kumla. Akifa, watu hukumbuka jambo la mwisho waliloliona, nalo ni sindano. Vyama vya ushirika vinalifahamu sana kosa hili la kufikiri. Fedha huvuja kwa miaka mitatu, kidogo kidogo, na hakuna anayesema. Siku mkaguzi anapofungua vitabu na kuutangaza upungufu, wanachama hulalamika kwamba mkaguzi ameua chama. Mkaguzi hakuileta hasara, aliikuta. Na laiti angaliitwa mwaka wa kwanza, hasara ingalikuwa ndogo na chama kingalipona.

Haifai, hata hivyo, kumdanganya mwanachama kwamba sindano haina hatari yoyote. Yaweza kuingiza hewa kifuani, yaweza kugusa mshipa ikatoka damu, na mara chache sana yaweza kufika kwenye ini au wengu. Hatari hizo zipo, lakini ni chache mikononi mwa mtu aliyefunzwa, na mgonjwa ana haki ya kuelezwa kabla hajakubali. Hatari ya kuyaacha maji mengi yasiyojulikana chanzo chake ni kubwa zaidi, nayo huongezeka kila wiki.

SHUGHULI YENYEWE

Mkulima aliketishwa ukingoni mwa kitanda, akainama mbele kidogo na kulaza mikono yake juu ya mto uliowekwa mezani. Mkao huo hupanua nafasi kati ya mbavu. Ngozi ya mgongo ilisafishwa kwa dawa, kisha ikachomwa dawa ya ganzi, kwanza juu juu, halafu ndani hadi kwenye utando, kwa kuwa utando wa kifua ndio wenye maumivu makali. Aliambiwa asikohoe wala kujitikisa ghafla, na akitaka kukohoa aseme kwanza.

Sindano ilipita juu ya ukingo wa juu wa ubavu. Jambo hilo halikufanywa kwa bahati. Chini ya ukingo wa kila ubavu hupita mishipa ya damu na mshipa wa fahamu, na daktari huikwepa kwa kupita upande wa juu wa ubavu unaofuata. Sindano iliunganishwa na kizibo chenye njia tatu, ambacho hufungua njia ya maji na kufunga njia ya hewa. Maji yalitoka yakiwa ya manjano, rangi ya majani makavu. Sehemu ilitiwa katika vichupa vya maabara na nyingine ikaenda chomboni.

Ilipotoka lita moja na zaidi kidogo, mgonjwa alianza kukohoa na kifua kikambana. Tabibu akasimamisha kazi ingawa maji yalikuwa yamebaki. Kwa kawaida hayavutwi zaidi ya lita moja na nusu kwa mara moja, kwa sababu pafu lililobanwa muda mrefu likifunguka kwa ghafla laweza lenyewe kuvimba na kujaa majimaji. Ndugu anayeona maji yamebaki asidhani kwamba tabibu ni mvivu.

Kaka mkubwa alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Alimwona mdogo wake akivuta pumzi ndefu, ya kwanza baada ya wiki nyingi.

KAZI YA ZAMANI

Kutoa uchafu wa kifuani si jambo lililobuniwa jana. Waganga wa Uyunani wa kale, waliofuata mafundisho ya Hippocrates, walijua kumtikisa mgonjwa na kusikiliza mchupo wa majimaji, na walifungua kifua kati ya mbavu ili usaha utoke. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari kwa karne nyingi. Mwaka 1850, mjini Boston, Marekani, daktari Henry Ingersoll Bowditch alianza kuvuta maji kwa sindano nyembamba na bomba la kuvutia lililotengenezwa na mwenzake Morrill Wyman, bila kupasua kifua. Msingi huo ndio unaotumika hata leo.

Katika kambi za jeshi la Marekani, miaka ya 1917 na 1918, nimonia na mafua makuu viliwajaza askari usaha kifuani. Madaktari waliwapasua mapema, hewa ikaingia na mapafu yakasinyaa. Katika baadhi ya kambi karibu watatu kati ya kila kumi walifariki. Tume iliyoundwa kuchunguza jambo hilo ilishauri kwamba mwanzoni maji yavutwe kwa sindano bila kuingiza hewa, na kupasua kungoje. Vifo vikapungua sana. Kizibo kidogo chenye njia tatu kimebeba somo la vifo hivyo.

Hewa yenyewe pia yaweza kuwa ndiyo ugonjwa. Pafu likitoboka kwa jeraha au kwa maradhi, hewa hujaa kati ya tando. Ikizidi kujaa bila kupata njia ya kutoka, hulisukuma pafu na moyo, na mtu aweza kufa kwa muda mfupi. Hapo daktari hutanguliza sindano ili hewa itoke, kisha huweka mpira unaoishia chini ya maji ndani ya chupa. Ndugu wanaomwuguza mtu wa namna hiyo wakumbuke kwamba chupa hukaa chini ya usawa wa kifua wakati wote. Ikiinuliwa juu, maji yaweza kurudi kifuani.

MAJI YAMETOKA, TUNDU LIKO WAPI?

Asubuhi iliyofuata mkulima alitaka kwenda nyumbani. Alipumua vizuri, kahawa ilikuwa imeiva, na wezi wa kahawa hawangoji mtu apone.

Tabibu alimwuliza, "Mzee, mtumbwi ukiingia maji, ukayakumba yote, utavuka ziwa?"

"Kama tundu halijazibwa, nitazama."

"Basi mimi nimekumba maji tu."

Hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika maelezo haya. Maji ya kifuani ni dalili ya ugonjwa mwingine. Yaweza kuletwa na moyo ulioshindwa kazi, na hapo mara nyingi dawa za kukojoza hutosha bila sindano. Yaweza kuletwa na ini au figo, na saratani, na nimonia; na yakigeuka usaha hayatoshi kuvutwa mara moja, bali hutakiwa mpira wa kuyatoa siku hadi siku. Katika Afrika Mashariki, chanzo cha kwanza kufikiriwa, hasa kwa mtu mwenye homa za jioni na jasho la usiku, ni kifua kikuu. Vichupa vile vya maabara ndivyo vinavyosaidia kutofautisha haya. Kwa hiyo sindano ina kazi mbili: kumpa mgonjwa nafuu, na kumpa daktari ushahidi.

Kifua kikuu cha utando kina hila. Maji yake yaweza kukauka yenyewe bila dawa. Mwaka 1955 ulichapishwa uchunguzi juu ya askari 141 wa Marekani waliopata maji ya namna hiyo. Katika miaka iliyofuata, karibu theluthi mbili yao waliugua kifua kikuu waziwazi. Maji yaliondoka, vijidudu vikabaki. Mtu aliyepata nafuu bila dawa ni kama mdaiwa aliyepotelewa na hati ya deni: karatasi haionekani, lakini deni lipo.

Dawa za kifua kikuu cha kawaida huchukua miezi sita: miwili ya kwanza kwa dawa nne, na minne inayofuata kwa dawa mbili. Hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali. Mgonjwa hupimwa makohozi, kwa kuwa pafu lenyewe laweza kuwa na vijidudu vya kuambukiza, na hushauriwa kupima virusi vya ukimwi, kwa kuwa magonjwa hayo mawili hufuatana mara nyingi. Mwenye kifua kikuu cha utando peke yake si rahisi kuwaambukiza wengine. Basi asitengwe wala kutengewa kikombe.

DAFTARI LILILOOKOA WATU

Makatibu watafurahi kujua kwamba Tanzania iliufundisha ulimwengu jambo katika vita hivi, na kwamba silaha mojawapo ilikuwa daftari. Mwaka 1977 ulianzishwa Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, na daktari Karel Styblo akashirikiana na wataalamu wa Tanzania kuweka utaratibu wake. Kila mgonjwa aliandikwa katika daftari la wilaya. Kila robo mwaka ilihesabiwa ni wangapi walianza dawa, wangapi walimaliza, wangapi walipotea na wangapi walifariki. Aliyepotea alitafutwa. Utaratibu huo ulikuwa mfano kwa mpango ambao Shirika la Afya Duniani liliueneza katika nchi nyingi kuanzia miaka ya 1990. Dawa nzuri peke yake haikutosha. Ilihitajika hesabu isiyomsahau mtu.

WAJIBU WA CHAMA

Katika mfano wetu, kamati ya chama ilikutana jioni ile ile. Iliazimia kwamba majirani kumi wavune kahawa ya mgonjwa kwa zamu, ipimwe kwa jina lake na stakabadhi apewe mkewe. Ilimpa kaka mkubwa nauli ya kumrudisha mgonjwa hospitali siku ya kuangaliwa tena. Mkulima akalala hospitali bila kuiwaza mibuni yake.

Chama chochote chaweza kufanya vivyo hivyo, kwa kuzingatia mambo manne.

Kwanza, katibu na karani wa mizani wawe macho. Mwanachama mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, anayekonda, au anayepumzika kila hatua chache, ashauriwe kwenda kituo cha afya. Mwenye kukosa pumzi kwa ghafla apelekwe saa hiyo hiyo.

Pili, fedha ya msaada itolewe kwa mujibu wa masharti ya chama. Azimio liandikwe katika kitabu cha kumbukumbu, kiasi kitajwe na hati ya malipo itiwe saini. Lakini jina la ugonjwa lisiandikwe humo. Yatosha kuandika "matibabu". Siri ya mwili wa mwanachama si mali ya mkutano mkuu.

Tatu, chama kisiruhusu mtu yeyote asiyefunzwa kutoboa kifua, kuchanja au kuchoma sindano kwa kisingizio cha kutoa maji. Kazi hiyo ni ya hospitali.

Nne, aliyeanza dawa afuatwe hadi mwezi wa sita. Nafuu huja mapema, na ndiyo inayowadanganya watu waache dawa njiani.

Ndugu Makatibu na Ndugu Wanachama, mkulima wa mfano huu alimaliza dawa zake wakati mibuni ilipokuwa ikitoa maua ya msimu mwingine. Siku ya kupima kahawa alibeba mzigo wake mwenyewe hadi kwenye mizani, na hakukaa njiani. Karani alisoma uzito, akaandika na kutoa stakabadhi. Nyuma yake katika foleni alisimama kaka yake mkubwa, aliyekuwa akimweleza jirani mmoja mwenye kikohozi kwamba gari la hospitali hupita barabarani saa moja asubuhi, na kwamba yeye mwenyewe angemsindikiza.